Ngano Itoke Kwanza: Kupanga Mimba Tanga kwa Mwenye Siliaki

Mwanamke aliyepoteza mimba mbili au tatu, kisha akaambiwa ana siliaki, huwa na haraka. Hatimaye amepata sababu, na anataka kujaribu tena mwezi huu huu. Namwelewa kabisa, na bado namwomba asubiri. Mimba ya mwenye siliaki huanza kutengenezwa miezi sita hadi mwaka kabla haijatungwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika jikoni, sokoni na kwenye mashine ya kusaga. Daktari hawezi kumfanyia kazi hiyo. Ni yake yeye, mumewe na yeyote anayepika katika nyumba ile.

Siliaki ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, ikikutana na gluteni, hugeuka na kuushambulia utumbo mwembamba. Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, nafaka ya Ulaya ambayo kwetu ni nadra kuiona. Ukuta wa ndani wa utumbo una vinyweleo vidogo mno vinavyofyonza chakula. Mashambulizi yakiendelea, vinyweleo hulala, hufupika, mwisho ukuta hubaki bapa. Sehemu inayoumia zaidi ni ile ya mwanzo, mara tu chakula kinapotoka tumboni, na hapo ndipo chuma, foliki (vitamini B9) na kalsiamu hufyonzwa kwa wingi. Ndiyo maana wapo wanawake wenye siliaki wasioharisha wala kukonda. Dalili yao ni damu isiyopanda ingawa wanameza vidonge mwezi baada ya mwezi, uchovu, vidonda vya mdomoni vinavyorudi, au mimba zinazoharibika.

Njia ambazo ugonjwa huu unahusishwa na kuharibika kwa mimba ni zaidi ya moja. Upungufu wa foliki, chuma, zinki na vitamini B12 huifanya mimba ianze mwili ukiwa mtupu. Mwili unaojishambulia haupumziki. Tena, katika maabara, kingamwili za siliaki, yaani protini ambazo kinga ya mwili hutumia kushambulia, zimeonekana kushika seli za kondo la nyuma na kuzizuia kujipenyeza vizuri. Linalomhusu msomaji moja kwa moja ni hili: siliaki isiyotibiwa huambatana na kuharibika kwa mimba zaidi ya kawaida, na kwa wanaoacha gluteni kabisa, hatari hiyo hushuka na kukaribia ile ya wanawake wengine. Hushuka, haiishi. Mtu asikuahidi zaidi ya hapo.

Mama mkwe akiuliza mkate wa kila siku utamdhuru vipi mtu mzima, yapo maelezo ya kumpa. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alikuwa tayari anashuku ngano wakati njaa ya 1944 na 1945 ilipoikumba nchi yake. Watoto waliokuwa wagonjwa wa tumbo walipata nafuu mkate ulipoadimika, na mkate uliporudi wakadhoofika tena. Tangu hapo tiba ni ile ile: kuacha ngano na ndugu zake maisha yote. Hakuna kidonge.

Kabla ya lolote, hakikisha jibu lenyewe ni la kweli. Siliaki haithibitishwi kwa tumbo kujaa gesi baada ya chapati, wala kwa vipimo vya chakula vya mitandaoni. Kipimo cha kwanza ni cha damu, kiitwacho tTG-IgA, na kipimwe pamoja na jumla ya IgA, aina mojawapo ya kingamwili, kwa sababu mtu mwenye IgA kidogo kwa asili atapata jibu la uongo kwamba hana ugonjwa. Kwa mtu mzima, kinachofuata kwa kawaida ni kamera ya tumbo inayoshuka hadi mwanzo wa utumbo mwembamba (duodeni) na kuchukua vipande vidogo vya nyama: visipungue vinne kutoka sehemu ya pili ya duodeni, na kimoja au viwili kutoka mwanzoni pale. Kipande kimoja hakitoshi, maana uharibifu huwa wa mabaka mabaka. Wa Tanga aanzie Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo na aulize ni vipimo vipi vinafanyika pale kwa wakati huo. Kisichofanyika aombe rufaa ya KCMC Moshi au Muhimbili.

Wengi hujiharibia hapa kwa kuacha ngano kabla ya vipimo. Ukiacha, kingamwili hushuka, utumbo huanza kupona, na vipimo husema huna kitu. Aliyekwisha kuacha na anataka uhakika hulazimika kurudi kula gluteni, kiasi cha vipande viwili vya mkate kwa siku kwa wiki 6 hadi 8, akiwa chini ya uangalizi wa daktari, ndipo apimwe. Jambo hilo halifanywi ukiwa mjamzito, wala katika mwezi unaotafuta mimba. Kama umeshapata majibu ya damu na ya vinyama, weka nakala zake kwenye simu na kwenye bahasha. Utaziomba zikusemee mahali pengi.

Jikoni kwetu, mitego iko wapi

Kwa mtu wa pwani, habari njema ni kwamba chakula chetu kikuu hakina gluteni: wali, ugali wa dona na wa sembe, muhogo, ndizi, viazi vitamu, magimbi, mtama, ulezi, kunde, mbaazi, choroko, samaki, nazi, mboga zote. Mkate, chapati, maandazi, sambusa, tambi, keki, biskuti na kaimati kila mtu anajua ni ngano, na baada ya wiki mbili hivi mtu huzoea kuvikataa. Hatari iko kwenye vitu vinavyoonekana salama.

Kitumbua kinaongoza. Kwa asili ni mchele na nazi, na mwenye siliaki angestahili kukila kwa raha. Lakini mchele hauna gluteni ya kushikamanisha, kitumbua hukatika kinapogeuzwa, kwa hiyo wauzaji wengine huongeza kijiko au viwili vya unga wa ngano kwenye mchanganyiko bila kuona kwamba ni jambo la kutaja. Mkate wa kumimina vivyo hivyo. Ukiuliza "vitumbua hivi ni vya nini?" utajibiwa "vya mchele," na jibu ni la kweli. Uliza badala yake: "umetia ngano hata kidogo?" Bora zaidi, pika mwenyewe. Loweka mchele vikombe 2 usiku kucha, mwaga maji, usage kwenye blenda na tui zito kikombe 1 na robo, hamira kijiko 1 cha chai, sukari nusu kikombe, iliki, na vijiko 2 vya kulia vya wali uliokwishapikwa. Wali huo ndio unaofanya kazi ya ngano. Usage mpaka usisikie punje kidoleni, uache uumuke kwa dakika 45 hadi saa moja, kisha uchome kwa moto wa wastani. Ukiwa mzito sana, kitumbua hubaki kibichi ndani. Ukiwa mwepesi, hukatika hata ukiwa na wali.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu huja kwa jina la afya: uji wa lishe. Mjamzito na anayejiandaa huambiwa na kila mtu anywe uji wa lishe. Mchanganyiko unaouzwa madukani na sokoni huwa na mahindi, mchele, ulezi, soya, karanga, na mara nyingi ngano pia. Mwanamke aliyeacha chapati kwa uaminifu anakunywa ngano kila asubuhi, na baada ya miezi sita kipimo kiko pale pale. Tengeneza wako: ulezi kilo 2, mchele kilo 1, soya iliyokaangwa robo kilo. Peta na uchambue ulezi kwenye ungo, kwa kuwa magunia ya nafaka huchanganyika ghalani. Karanga zichambue moja moja, utupe zilizokunjamana na zenye ukungu, uzisage peke yake na kuzitia ujini wakati wa kupika.

Sasa mashine ya kusaga. Mashine ile ile inayosaga dona yako imesaga asubuhi lishe ya mtu mwingine yenye ngano, na unga hubaki kwenye chekecheke na ndani ya ngoma. Watafiti wanakubaliana kwamba gluteni miligramu 50 kwa siku, ikiliwa kwa miezi, inatosha kuendeleza uharibifu wa utumbo, na kwamba chini ya miligramu 10 kwa kawaida haidhuru. Kipande kimoja cha mkate kina takribani miligramu 2,000. Piga hesabu mwenyewe: makombo ya sehemu moja ya arobaini ya kipande hicho, yakiliwa kila siku, yanakutosha kuumia. Zungumza na mwenye mashine, mwombe akusagie wa kwanza baada ya kusafisha, na kilo moja ya mwanzo inayotoka wape kuku au jirani. Ukiweza kupata sembe ya kiwandani iliyofungwa, kutoka kiwanda kisichosaga ngano, ni rahisi zaidi. Unga wa mchele unaopimwa wazi kwenye maduka ya Ngamiani au soko la Mgandini, ukiwa kando ya gunia la ngano na kopo la kuchotea ni moja, uache. Mchele huoshwa, unga hauoshwi.

Mafuta ya kukaangia ni mtego mwingine. Chipsi ni viazi tu, lakini karai lililokaanga sambusa na katlesi limejaa chembe. Samaki wa kukaanga wa kibandani wengine hupakwa ngano kabla ya kuingia kwenye mafuta. Viazi karai na kachori huvikwa rojo ambalo mara nyingine ni la dengu na mara nyingine la ngano. Bajia za kunde ni salama zikiwa kunde tupu. Urojo mara nyingi hufanywa mzito kwa unga wa ngano, na supu nayo wengine huitia unga ili ishike, kwa hiyo uliza hata mbele ya sufuria ya pweza. Sosi ya soya ina ngano. Viungo vya pakiti na beking pauda visomwe, kwa kuwa baadhi vina wanga wa ngano. Vinywaji vya unga vya chokoleti vyenye kimea, hicho kimea ni cha shayiri. Bia za kawaida ni za shayiri. Togwa ya mtama au ulezi haina tatizo. Oti ziache mpaka upone, kwa sababu zile za kawaida huchafuliwa na ngano shambani na kiwandani. Kwenye vyakula vilivyoandikwa havina gluteni, kipimo kinachotumika kimataifa ni kisichozidi miligramu 20 kwa kilo.

Vyombo vya chuma na vya kioo vinasafishika. Vya mbao na vyenye matundu havisafishiki: mwiko, kibao cha chapati, chungio, chekecheke. Nunua vyako, vitundike pembeni, viwekee alama ya rangi. Kwenye nyumba yenye watu wengi, pika chakula kisicho na ngano kwanza, ukifunike, ndipo ngano iguswe.

Lipo kundi ambalo ushauri wa kawaida hulisahau: akina mama wanaokanda maandazi na chapati za kuuza kila alfajiri. Hata asipoonja, vumbi la unga humwingia mdomoni na puani na kumezwa. Kama ndiyo riziki yake, namshauri abadilishe bidhaa kabla ya kutafuta mimba: vitumbua halisi, bajia za kunde, kashata, mihogo ya kukaanga. Najua mteja wa maandazi hahami kirahisi. Basi angalau kazi ya kuchekecha na kukanda aifanye mtu mwingine, nje, mbali na chakula chake.

Futari za Ramadhani kwa bahati zinamfaa mwenye siliaki kuliko chai ya kawaida ya asubuhi: mihogo, magimbi na ndizi za nazi, kunde, uji wa mchele. Tambi za sukari na kaimati apishe. Harusini ale kabla ya kwenda, au achukue wali mweupe sufuriani kabla vijiko havijachanganyika. Wali wa pilau si tatizo, tatizo ni sahani iliyopakuliwa sambusa juu.

Damu iseme kabla hujajaribu

Kipimo cha tTG-IgA kirudiwe baada ya miezi 6, na tena baada ya mwaka. Kinachotakiwa ni kuona kinashuka kwa wazi, na kwa hakika zaidi kiwe kimefika kiwango cha kawaida. Kwa walioanza na kiwango cha juu sana inaweza kuchukua mwaka mmoja hadi miwili. Kisiposhuka, chunguza jiko kabla ya kushuku kitu kingine: uji wa lishe, mashine, kitumbua, karai, kwa mpangilio huo. Na ujue kwamba kingamwili kushuka si uthibitisho kamili kwamba utumbo umeota upya, ila ndicho kioo tulicho nacho bila kurudia kamera.

Siku hiyo hiyo ya kuchukua damu omba na hivi: picha kamili ya damu, feritini (kipimo cha akiba ya chuma), B12, foliki, vitamini D, kalsiamu, TSH ya tezi la shingo, sukari, kundi la damu na Rh, selimundu, kaswende, VVU na homa ya ini B. Si lazima vyote vifanyike mahali pamoja. Ukilazimika kuchagua kwa sababu ya fedha, picha kamili ya damu, feritini na TSH vitangulie.

Feritini chini ya 30 ina maana akiba ya chuma imeisha hata kama hemoglobini bado inaridhisha. Kidonge kimoja chenye miligramu 60 za chuma halisi kwa siku, au siku moja baada ya nyingine kwa anayesumbuliwa na tumbo, hufyonzwa vizuri kuliko kujaza vitatu kwa siku. Kimeze na juisi ya machungwa ya Muheza au maji ya ukwaju, tumbo likiwa tupu ukiweza, na chai ikae mbali kwa saa moja kabla na mbili baada. Chai ya rangi na ya maziwa zote hukifunga chuma kisiingie. Hemoglobini ipande takribani gramu 1 hadi 2 kwa desilita ndani ya mwezi. Isipopanda kwa mtu anayekula safi, fikiria mengine yanayomaliza damu pwani hii: safura, malaria, selimundu, hedhi nzito. Chuma cha mshipani kipo kwa ambao utumbo bado haujaweza, na hicho hutolewa kabla ya mimba au baada ya miezi mitatu ya kwanza, si ndani yake. Hamu ya kula udongo ni dalili ya kawaida ya upungufu wa chuma, na udongo wenyewe huzuia chuma. Mtu asimcheke mwanamke kwa hilo. Apimwe.

Foliki ianze miezi mitatu kabla ya kujaribu. Mwanamke wa kawaida hutosheka na miligramu 0.4 kwa siku. Kwa mwenye siliaki, madaktari wengi huandika miligramu 5 kwa sababu ya utumbo usiofyonza. Kabla ya kuanza dozi kubwa B12 ipimwe, kwa kuwa foliki nyingi hurekebisha sura ya damu huku upungufu wa B12 ukiendelea kuharibu neva kimyakimya. Vitamini D usidhani jua la Tanga linatosha. Ngozi iliyofunikwa na utumbo uliochoka huishusha hata hapa. Chumvi tumia iliyotiwa madini joto, si ya mawe inayopimwa bila pakiti. Maini ni chanzo kizuri cha chuma wakati wa kujiandaa, lakini yana vitamini A nyingi mno, kwa hiyo mimba ikikaribia yapunguze, na ikiingia yaache. Samaki, mayai, maziwa, kunde, mchicha na kisamvu kilichotwangwa na kupikwa sana vijaze nafasi. Maziwa yakikujaza gesi miezi ya mwanzo ni kwa sababu utumbo ulioumia umepungukiwa na uwezo wa kusaga sukari yake. Mtindi huvumilika zaidi, na hali hiyo kwa kawaida hupita.

Kwa muda huu wa kungojea unahitaji uzazi wa mpango, na uchaguzi wake una maana. Sindano ya miezi mitatu huchelewesha kurudi kwa uwezo wa kushika mimba, pengine miezi tisa au kumi baada ya dozi ya mwisho, kwa hiyo haimfai anayetaka kujaribu mwakani. Kitanzi cha shaba huongeza damu ya hedhi, kikamrudisha nyuma mwenye upungufu wa damu. Vidonge vinategemea utumbo ambao bado haujapona. Kondomu, au kijiti ambacho hutolewa siku unayotaka na uwezo kurudi haraka, ndivyo ningevipendekeza.

Siliaki isifunge faili

Hili naliandika kwa msisitizo kuliko yote. Mwanamke akipata jina moja la ugonjwa, uchunguzi husimama, na mimba ya nne huharibika kwa sababu nyingine iliyokuwa inasubiri tu kuangaliwa. Miongozo mingine huanza uchunguzi baada ya mimba 2 kuharibika, mingine baada ya 3. Mwenye 2 na siliaki ana haki ya kuomba.

Ugonjwa wa kingamwili za fosfolipidi hugandisha damu kwenye kondo. Hupimwa kwa damu mara mbili, kwa kuachana wiki 12 au zaidi, maana jibu moja linaweza kuwa la kupita. Ukithibitishwa, tiba yake ni aspirini ya dozi ndogo pamoja na sindano za heparini za kuzuia damu kuganda, na hubadilisha matokeo kweli. Usijiandikie aspirini mwenyewe kwa kubahatisha. Tezi la shingo hushambuliwa mara nyingi zaidi kwa wenye siliaki. Anayetumia levothairoksini, dawa ya tezi, aitenganishe na chuma kwa saa 4, na TSH yake iwe chini ya 2.5 kabla ya kujaribu. Kisukari kisichodhibitiwa, kaswende, uvimbe unaoingia ndani ya mfuko wa uzazi, ukuta unaougawa mfuko, vyote huonekana kwa vipimo vya kawaida na utrasaundi nzuri. Mimba zinazotoka baada ya mwezi wa tatu au wa nne, bila maumivu makubwa, humwelekeza daktari kwenye mlango wa kizazi uliolegea, na huo hushonwa. Kwa hiyo andika kila mimba ilifika wiki ngapi, moyo ulionekana au la, na damu ilianzaje. Karatasi hiyo moja inamwelekeza daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Mimba nyingi zinazotoka mapema, kwa mwanamke yeyote, hutokana na kasoro za kromosomu zilizotokea zenyewe. Hakuna aliyezisababisha kwa kunyanyua ndoo, kupanda bodaboda au kugombana na wifi. Mume naye aingie kwenye uchunguzi: umri wake, sigara, pombe, mirungi, na pale inapowezekana kipimo cha kromosomu cha wote wawili. Shangazi na somo waelezwe mapema, kwa sababu wao ndio watakaoleta dawa za chango kwa nia njema. Wanaompenda hawastahili kukatwa maneno. Lakini dawa ambayo haijulikani ndani yake mna nini isimezwe na anayetafuta mimba, na iliyokwisha kumezwa atajiwe daktari bila aibu.

Wenzi wengi waliopoteza mimba mara kwa mara, hata wasiopata sababu yoyote, hatimaye hupata mtoto.

Ikiingia

Pima mkojo siku hedhi inapochelewa, usisubiri mwezi wa tatu ndipo uende kliniki. Utrasaundi ya wiki 6 hadi 7 inaonyesha mimba iko ndani ya mfuko na moyo unapiga. Ukiona damu, nenda siku hiyo. Kwa aliyewahi kupoteza mimba na sasa anatokwa damu huku mimba ikionekana mahali pake, mwongozo wa Uingereza wa 2021 unashauri homoni ya projesteroni miligramu 400 ukeni mara 2 kwa siku, na moyo wa mtoto ukithibitika iendelee hadi wiki 16. Muulize daktari kama inakufaa. Maumivu makali ya upande mmoja, kizunguzungu au homa havingoji asubuhi.

Sasa jambo la Tanga hasa, ambalo ushauri ulioandikwa Ulaya haulitaji. Kuanzia miezi mitatu ya pili kliniki hukupa SP ya kukinga malaria, kila mwezi. SP huwaua vimelea kwa kuwanyima foliki, na foliki ya miligramu 5 huwapa uhai tena. Kwa hiyo dozi kubwa ya foliki ishuke hadi miligramu 0.4 ikifika wiki 12, kabla ya SP ya kwanza. Mwambie nesi wazi: "nilikuwa natumia foliki ya tano." Anayetumia kotrimoksazoli kwa sababu ya VVU hapewi SP kabisa. Muheza na Korogwe ni sehemu ambazo usugu wa vimelea kwa SP umechunguzwa kwa miaka mingi, hivyo chandarua chenye dawa kitumike tangu siku za kujaribu, na homa yoyote ipimwe malaria siku hiyo hiyo. Malaria peke yake inatosha kuangusha mimba iliyoandaliwa mwaka mzima.

Kichefuchefu cha mwanzo kinaleta kishawishi ambacho wengi hawakukitarajia, kwa sababu ushauri wa kwanza wa kila mtu ni biskuti kavu au mkate mkavu. Weka kando ya kitanda muhogo mkavu wa kuchemsha, bisi, au kiazi kitamu baridi. Tangawizi inasaidia.

Siliaki huongeza uwezekano wa mtoto mwenye uzito mdogo, hasa ikiwa haikudhibitiwa. Omba kimo cha tumbo kipimwe kila hudhurio na utrasaundi ya ukuaji ifanyike miezi mitatu ya mwisho. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio 8. Hemoglobini ikishuka chini ya 11, chukua hatua mapema. Juu ya kadi ya kliniki andika kwa kalamu nyekundu: ANA SILIAKI, ASIPEWE NGANO. Wodini, anayekuhudumia baada ya uchungu ataleta chai na mkate au uji wa lishe kwa huruma tu, na wewe utakuwa huna nguvu ya kueleza. Mwambie mapema dada au mama atakayekusindikiza, na kwenye mfuko wa kujifungulia weka chupa ya chai iliyojaa uji wako wa ulezi, viazi vitamu vilivyochemshwa, na kijiko chako mwenyewe.